Usinitumie Kompyuta Mpya

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumamosi, kabla wateja hawajaanza kubisha.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni,

Salamu nyingi zikufikie. Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Unakula? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika, nami silisikilizi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, panda nayo.

Nimepata ujumbe wako kuhusu kompyuta. Umesema kampuni yenu imeacha kuishughulikia, umri wake umekwisha, niitupe, nisimruhusu fundi kuigusa, utanitumia nyingine. Umekwisha kwa nani? Mimi nina umri gani, nami mtanitupa lini?

Sikiliza kilichotokea. Ile programu ya mwisho mliyoituma kabla ya kuiacha ilipoingia, kompyuta ikaleta maandishi meupe ikasimama hapohapo, kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi. Na bila kompyuta hiyo, mashine yangu ya kudarizi haitoboi hata kitambaa. Hiyo mpya unayotaka kutuma haielewani nayo. Nimeuliza dukani kwenu, nikaambiwa ninunue na mashine nyingine pia! Huku sweta za shule zimejaa mezani zinangoja beji, na mwalimu mkuu amesema zikichelewa wiki hii kazi anampa mwingine. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha shangazi yako na wale mabinti wanaoshona hapa.

Nikamwita fundi wa kompyuta, binti tunayemwita Bisibisi kwa sababu haimtoki mfukoni. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa tumeishonea kompyuta koti la bitana, lenye vifungo, isiingiwe na nyuzi.

"Bibi, mmeivalisha hii inakwenda wapi? Mmeiziba pumzi!"

Nikamwambia acheke haraka, ana kazi.

Akatueleza kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina programu yake ya kuiamsha kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwenu, hiyo mliyoituma ikakwama, imefungwa, hakuna mtu wa nje awezaye kuisoma wala kuirekebisha. Lakini wapo watu walioandika ya kwao wakaiacha wazi, anayetaka aisome, airekebishe, ampe na mwenzake. Sikuelewa yote, nisikudanganye. Nilichoelewa ni kwamba nyumba ni yangu na ufunguo mnao nyie.

Shangazi yako akaanza: "Mama, mtoto amesema tusiguse! Ikifa je?"

Bisibisi hakuficha, alisema inaweza kufa kabisa. Nikamjibu, "Mashine ni yangu. Ikifa, nitaizika mwenyewe. Fungua."

Akaiweka hiyo programu. Skrini ikawa nyeusi tii. Shangazi yako akanitazama kwa lile jicho lake. Kumbe Bisibisi alikuwa ameweka ya toleo jingine la kompyuta hiyohiyo. Akaunganisha kidude chake, akafuta, akaweka inayostahili. Mabinti wakasimamisha cherehani. Ikawaka! Mashine ikaanza kudarizi, na mimi, na goti hilihili, nikacheza. Sweta zimekwenda shuleni jana, beji zote zimenyooka.

Utasema ni hatari kuweka programu ya watu nisiowajua. Na nyie nawajua? Nakujua wewe tu, tena kwa kuwa nilikuogesha. Hao wenzenu wameweka kazi yao hadharani, mwenye kuona kasoro aseme. Ya kwenu iko kufulini, tuamini tu. Mimi nikishona nguo huacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo, ili mwenye nguo akinenepa aipanue, hata kwa fundi mwingine, wala sinuni. Nyie mnakata akiba yote, halafu mnamwambia mteja kosa ni la tumbo lake. Mkiuza kitu, kiuzeni chote!

Usiniambie wewe ni mfanyakazi tu. Mdomo unao, na ulipokuwa mdogo haukufungwa hata ukiwa umejaa chakula. Kwenye vikao vyenu simama uwaulize: mkishachoka na kompyuta ya mtu, kwa nini msimwachie ufunguo? Wakinuna, wanune.

Ukiituma hiyo mpya, nitairudisha kwenu ikiwa ndani ya boksi lake, bila kulifungua. Badala yake njoo wewe, mikono mitupu, uione ya zamani inavyofanya kazi. Kuitazama, itazame mpaka uchoke. Kuigusa, utaniomba ruhusa.

Msalimie mkeo, na mama yake, mkwe wetu. Shangazi yako anakusalimu, ingawa bado hajakubali kwamba alikosea. Bisibisi naye anakusalimu, japo hamjaonana. Mungu akulinde, akupe afya, na akuongezee ubishi kidogo, maana naona umepungua.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako