Mgeni wa Mnara wa Taa

Jumatatu, 8 Juni 2015
Vioo nimefuta, ngazi nimefagia. Wanafunzi wa Ujiji wamekuja, makelele mnara mzima. Nikawaeleza kama kawaida: taa ya Wajerumani, iliwaka kwa mafuta, siku hizi ni makumbusho, msiguse. Wakagusa.
Yule mwanamume wa shati la bluu amekuja tena. Wageni wengine hupiga picha wakashuka. Yeye hukaa juu mpaka nifunge. Taa haitazami. Anatazama ziwa, halafu mimi.

Jumanne, 9 Juni
Ameniuliza kwetu wapi. Nikasema Kasulu, Muha, kama nilivyomdanganya Mzee Kombo aliyeniajiri. Yeye eti wa Tabora. Haya.
Simpendi. Wakijua nimevuka kutoka Burundi ni kambi ya wakimbizi moja kwa moja, mimi na mama. Mama na presha yake, kwenye hema. Hapana.

Jumatano, 10 Juni
Mpelelezi huyu. Nani mwingine analipa kiingilio kila siku akakodolee maji macho? Mama anasema nina wasiwasi wa bure. Yeye hatoki nje ya chumba chetu hapo Kasingirima, atajuaje?

Alhamisi, 11 Juni
Jua kali. Nikampa maji, nipate kumchunguza karibu. Hakunywa. Alishika kikombe, akaningoja. Mkono wangu ukajiendea wenyewe: nikakichukua, nikaonja, nikamrudishia. Ndipo akanywa.
Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Mtu wa Tabora angekunywa tu. Ni wa kwetu huyu, na sasa anajua na mimi ni wa wapi. Mjinga mimi.
Amekimbia, au ametumwa kuwatafuta waliokimbia?

Ijumaa, 12 Juni
Kesho namwambia Mzee Kombo amfukuze. Bora yeye kuliko mama.

Jumamosi, 13 Juni
Sikuwahi kusema. Maafisa wawili walikuja wenyewe kukagua vitambulisho vya wageni. Yule wa shati la bluu hakuwa nacho, wakamshusha. Mlangoni mmoja akanisonta kidole, akamwuliza kama mimi ni mwenzake.
Yeye akanitazama kwa dharau. "Huyu? Mtu wa hapahapa huyu. Wiki nzima ananinunia, anadhani nitamwibia taa yake."
Mzee Kombo akacheka, akasema kweli, huyu binti ni mkali. Wakaniacha.
Aliwaomba kitu kimoja tu: wamngojee, boti ya wakimbizi kutoka Kagunga ifike bandarini Kibirizi, aone walioshuka. Wakakataa. Wakampakia kwenye gari la kambini.

Jumapili, 14 Juni
Wageni wachache. Mama ameshinda salama, amekula vizuri.
Mchana nimepanda, nikakaa pale alipokuwa anakaa. Boti ya Kagunga imeingia, imejaa watu na vifurushi vyao. Nimetazama mpaka wote wakashuka. Sijui alikuwa anamngoja mke, mtoto au nani. Hata yeye mwenyewe, jina lake sikumwuliza.