Umeme wa Paa Letu

Dada yangu kipenzi,

Mdogo wako siku hizi ni tajiri wa jua! Nina paneli nne juu ya paa, na shirika la umeme linanunua kwangu. Nikilala napata, nikiamka napata. Mtaa mzima unaniita Bwana Jua.

Jana msoma mita alikuja, akakuna kichwa. "Bwana Jua, umeme wote unaishia humu humu. Mnaishi wangapi?"

"Peke yangu."

Akautegea sikio mlango wa chumba cha mama. "Na huyo anayepumua?"

Ni ile mashine yake ya oksijeni. Tangu tumzike sijaizima. Nikigusa swichi naona kana kwamba mimi ndiye ninayemuua. Njoo uizime wewe.

Nilikudanganya, dada. Sijauza umeme hata uniti moja.

Mdogo wako.