Baba Yetu Elbert Stallard na Bunduki Ambayo Hakuitia Jina

Umetimia mwaka, Baba, tangu tulipokuzika kwenye kilima nyuma ya kanisa la Stony Fork, mvua ikanyesha hadi mchungaji akafupisha sala. Ungefurahi. Sala ndefu hukuzipenda hata ulipokuwa mzima.

Tungependa kukuandikia maneno matamu tu, kama wanavyoandikiwa wazee wengine kwenye gazeti hili. Lakini wilaya nzima inajua tulichofanya mwezi wa sita, na tukinyamaza tutakuwa tumekukosea mara ya pili. Tuna aibu, Baba. Tumeona tukwambie mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko tulikokuaibisha.

Kwanza tukutaje wewe. Ulikuwa fundi wa bunduki za gumegume, zile ndefu za milimani ambazo wazee wetu walishuka nazo Tennessee kutoka Pennsylvania: kitako cha mti mgumu wa mepo (maple) wenye mistari, vyuma vyeusi visivyo na madoido, na tundu dogo la kuwekea mafuta ubavuni mwa kitako. Watu walikuletea picha za bunduki zenye nakshi za fedha, wakitaka uwachongee kama hizo. Uliwapa kahawa, ukawaambia fedha inafaa kwa vijiko. Mtutu uliopinda uliunyoosha kwa jicho tu, ukiuelekeza dirishani na kuugonga kidogo kidogo kwa nyundo, na mtu akikusemesha wakati huo, huna masikio.

Ulikuwa na huruma usiyotaka ijulikane. Mjane wa Hensley alipoleta bunduki ya marehemu mumewe imevunjika shingo, ulihangaika nayo majira yote ya baridi, kisha ukamwambia ilikuwa na vumbi tu. Chakula ulikula umesimama mezani pa kazi, maharage na mkate wa mahindi, na mpaka leo Mama anakuta makombo katikati ya tupa zako. Hayapangusi.

Kwenye suala la jina ulikuwa mgumu. Kila fundi wa huku huchonga jina lake juu ya mtutu, na kila mmoja ana wakati wake wa kulichonga. Wewe ulisubiri bunduki ilie kwanza. Uliibeba hadi nyuma ya ghala, ukaipiga mwenyewe mpaka ukaridhika, ndipo ukachukua patasi ndogo. Isiyolenga sawa uliifungua upya, hata kama mteja ameshakuja kuichukua na yuko barazani anasubiri. Leland, mwanao, alipokuwa akijifunza kwako alikuuliza kwa nini usichonge jina mapema, mtutu ukiwa bado haujapachikwa kwenye kitako na kazi ni nyepesi. Ulimjibu ukiwa umeinama, "Hilo jina siyo pambo, mwanangu. Ni mimi nimesimama pale."

Baadaye Leland aliacha patasi akaenda kuendesha malori ya makaa ya mawe. Wewe hukumlaumu. Tunadhani alitamani umlaumu.

Ulipofariki uliacha bunduki moja mezani. Mtutu ulikuwa tayari na mtambo wa kufyatulia umeshakaa mahali pake, lakini kitako kilikuwa nusu, bado kina alama za penseli yako. Na wewe unaujua mkutano wa mafundi wa mwezi wa sita kule kwenye kinu cha zamani. Fundi akifa, mwaka ule bunduki yake ya mwisho hulazwa peke yake kwenye meza ya kwanza, na wenzake hupita mmoja mmoja, kofia mkononi, wakiinyanyua na kuirudisha bila neno. Uliwafanyia wengi hivyo. Sisi hatukuwa na cha kulaza mezani.

Basi Leland akarudi kwenye karakana. Akachonga kitako, akakipaka tindikali na kukipitisha juu ya makaa hadi rangi ikaiva, akakisugua mafuta mpaka mistari ya mti ikawaka. Ilikuwa nzuri, Baba. Tulikuwa hatujamwona mtoto yule akiwa na furaha namna ile tangu alipokuwa mdogo.

Halafu likaja la jina. Leland alisema hajaipiga. Mama alisema mkutano ni kesho, na kwani mtutu si wa baba yako? Coralee, binti yako, ndiye aliyeshika mtutu usiteleze. Hakuna hata mmoja wetu aliyekataa. Na kama Leland angetaka kuipiga, ile jioni nafasi ilikuwepo. Aliogopa itakachosema.

Akachonga: E. Stallard. Aliliiga vizuri, mpaka ule mkia wako wa herufi ya mwisho.

Mkutanoni walikuja wote. Walivua kofia, wakaishika bunduki, wengine macho yakalowa. Palikuwa na mama mmoja wa jumba la makumbusho; alisimama pembeni, akamwambia Mama kwa sauti ya chini kwamba wangependa kuiweka kwenye kabati la kioo kama kazi yako ya mwisho. Mama akaitikia kwa kichwa. Tulijisikia watu wa maana.

Wa mwisho kupita alikuwa Thurman Ogle, rafiki yako wa tangu ujana. Aliinyanyua, akafungua kisahani cha baruti, akapitisha kidole, akakitazama kile kidole. Kilikuwa safi, bila weusi wa baruti.

"Leland, mwanangu," alisema. "Hii imeshawahi kulia?"

Leland alimwambia bado.

"Na Elbert akaitia jina? Elbert huyu huyu ninayemjua mimi?"

Thurman aliilaza polepole, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe. "Mimi sitasema kitu," alisema. "Shemeji Nadine, mama yako, amelia vya kutosha. Ila mimi mezani hapa sirudi." Akaondoka akielekea kwenye gari lake.

Leland angeweza kunyamaza. Mama alimshika mkono wa shati, na Coralee, tuseme ukweli, alimkanyaga mguu. Kwa mama wa makumbusho ingepita, kwa wageni ingepita, na jina lako lingekaa ndani ya kioo juu ya bunduki ambayo hukuiridhia. Lakini alikuwa akimtazama Thurman anavyokwenda. Akageuka, akawaambia watu wote, "Hii siyo kazi ya baba. Kitako nimechonga mimi. Na jina nimelichonga mimi."

Hakuna aliyetukemea. Ingekuwa afadhali. Mmoja akavaa kofia yake, kisha mwingine, mpaka wanaume wote pale kinuni wakawa wamevaa kofia zao. Sisi tukafunga bunduki kwenye blanketi tukapita katikati yao.

Nyumbani Leland aliibeba moja kwa moja hadi nyuma ya ghala, akaishindilia baruti, akaipiga. Akaipiga tena na tena. Kila risasi ilikwenda kushoto, na chini. Ungeifungua yote, Baba, wala usingegomba, na hicho ndicho kinachotuumiza. Tulikuvalisha kosa ambalo wewe usingeliachia litoke mlangoni.

Alichukua tupa akalifuta jina. Tulisimama pale wote, maana tulikuwepo lilipochongwa. Hatukujua kama inawezekana kumlilia mtu mara ya pili kwa kusikiliza tupa tu, lakini Mama alilia, na alipoulizwa alisema ni kama anakuona unaondoka tena na safari hii sisi ndio tunaokusukuma. Bunduki iko mezani pako haina jina. Leland anakuja Jumamosi anaihangaikia; anatafuta kwa nini inavuta kushoto. Hajalipata jibu.

Utusamehe, Baba. Tulidhani tunakupa heshima, kumbe tulikuwa tunajikopesha ya kwako.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, Leland aliomba jina lake lisiwekwe. Alisema halistahili kukaa karibu na lako. Mama alikuwa anamenya viazi, na wala hakuinua kichwa.

"Liandikwe," alisema. "Hapa hatachonga la mtu mwingine; hili ni lake."

Hutatoka mioyoni mwetu maisha yetu yote: mkeo, Nadine, binti yako, Coralee, na mumewe, Dwight, wajukuu zako, Ruthanne na Clay, rafiki yako, Thurman Ogle, ambaye ameanza tena kuja kunywa kahawa, na mwanao, Leland Stallard.