Nauli ya Siku Baada ya Bure

Mama yangu,

Hapo ulipo, nyuma ya nyumba kwenye migomba, najua hakuna anayekusomea barua. Hata ulipokuwa hai ulipenda kunisikiliza kuliko kusoma maandishi yangu. Lakini nimefanya jambo huko kijijini kwetu Mhezi, mbele ya watu wote wanaokukumbuka, na sitaki ulisikie kwa wengine kwanza.

Unakumbuka miaka ile ya shida, sukari ikipatikana kwa kujuana na mche wa sabuni ukikatwa vipande vyembamba kama mkate wa wageni? Lori lililopanda kwetu lilikuwa moja tu, la Mzee Kiondo. Tulilisubiri kando ya barabara, wewe umekalia gunia la maharage, mimi nimekumbatia kikapu cha viazi. Mzee hakuwa mkali. Aliteremka, akasalimia vizuri, akachota maharage kiganjani, akataja bei. Uliposema ni ndogo alicheka kwa upole: "Basi beba mwenyewe, mama Upendo. Barabara haina mlango."

Siku moja ukabeba kweli. Ulijitwika debe, nikakufuata na kikapu changu hadi sokoni Hedaru, kule chini. Katikati ya mteremko ulitua, ukajifuta shingo kwa khanga, ukaniambia, "Mwenye gari ndiye mwenye shamba. Sisi tunapalilia tu." Kisha ukanicheka kwa sababu nilikuwa nimekasirika kuliko wewe.

Maharage hayohayo yalinisomesha. Chuoni mwalimu wa uchumi alichora mistari miwili inayokatana, akasema kwamba muuzaji akiwa na mnunuzi mmoja tu, bei haitokani tena na thamani ya mali, inatokana na kukosa pa kwenda. Nilinakili kama wenzangu, ila mimi nilikuwa nauona ule mteremko.

Sasa mimi ni karani katika ofisi ya biashara hapa Same. Woga wangu hukuondoka nao, Mama. Ni mimi yuleyule uliyekuwa ukinisukuma kwa kidole mgongoni ili niseme "shikamoo" kwa sauti. Barua ya ofisi naisoma mara tatu kabla sijaigonga mhuri, na mkubwa wangu akiniita kwa jina kamili nasimama kabla hajamaliza.

Hukuwahi kumwona Yusufu. Alikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge huku tambarare. Shamba la mkonge lilipodorora akaingia kwenye vibarua vya gereji, na ruksa ya biashara binafsi ilipokuja akanunua kigari cha mizigo kikuukuu, akakifufua mwenyewe, akaanza kupanda Mhezi. Mama, ungeona! Nauli ya Mzee Kiondo ilishuka bila mtu kumwomba. Bei ya maharage ikapanda. Shangazi Nakijwa aliniambia kwamba siku hizi mzee anamuuliza hata habari za mbuzi wake.

Halafu Mzee Kiondo akatangaza kwamba lori lake litabeba watu na mizigo bure. Watu walipiga vigelegele. Yusufu alishusha nauli, akaishusha tena, mwisho akakosa pesa ya mafuta. Akaegesha gari Hedaru, akaanza kutafuta wa kumuuzia.

Hapo ndipo mkubwa wangu aliponiita. Sheria mpya ya ushindani katika biashara ilikuwa imetufikia, na vijiji vilitakiwa kuelezwa. "Wewe ni wa kule," alisema. "Waeleze, halafu urudi. Usigombane na mtu."

Nilipita kwanza Hedaru. Yusufu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, amejiinamia. Niliposema neno sheria aliinua uso.

"Kwa hiyo serikali itanilinda?"

"Hapana, kaka," nikamjibu, ingawa nilijua jibu langu litamwumiza. "Haikulindi wewe. Mzee akikushinda kwa gari zima na dereva asiyelala, sheria itakaa kimya. Inalinda nafasi ya mtu mwingine kuja."

"Sasa mimi nafaidi nini?"

"Wewe ndiye uliyekuja."

Akasonya. "Maneno ya shule hayo." Lakini aliahidi kwamba hatauza gari kabla mkutano wangu na wanakijiji haujaisha.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mzee Kiondo alikaa mbele, na kofia yake juu ya goti. Mabati ya kanisa yalitokana na mchango wake, na jeneza lako, Mama, lilipanda kwa lori lake. Nililikumbuka hilo nilipomwamkia. "Marahaba, mwanangu," alisema, na akanishika mkono kwa mikono miwili. Ningeweza kulia palepale.

Nilianza vibaya. Nikasoma kifungu kizima, watu wakakohoa. Nikaiweka karatasi chini. Nikawaambia kwamba sheria hii haichukii mtu mkubwa, wala bei ndogo. Bei ndogo ndiyo tunayoitaka. Inachokataa ni mtu kuuza kwa hasara makusudi hadi mwenzake aondoke, ili akibaki peke yake ajilipe hasara ile kutoka kwetu.

Mzee alisimama taratibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mwanangu, nimewabeba wagonjwa. Nimewabeba wafu. Leo nawabeba na walio hai bila senti. Nionyeshe kosa langu."

Uwanja mzima ulinigeukia. Lakini akili yangu, Mama, ilikuwa imetulia kabisa.

"Sikuoni na kosa, mzee. Nina swali moja tu, kwa heshima. Gari la Yusufu likishauzwa, siku inayofuata nauli yako itakuwa kiasi gani?"

Akatabasamu. "Hayo ni ya Mungu."

"Mafuta ni ya Mungu?" Shangazi Nakijwa alidakia kutoka kwa akina mama. "Wifi yangu alikufa na alama ya debe utosini, wewe unatuletea Mungu! Mtoto amekuuliza nauli, hajakuuliza umri."

Watu waliangua kicheko. Mzee naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha na swali likawa bado lipo. Akaigeuza kofia yake, akaitazama ndani. Kijana mmoja alisema, "Taja tu, mzee, hata kwa kukisia." Mzee akaivaa kofia, akaketi. Polepole niliona sura za watu zikibadilika, kama mtu anayepewa ugali wa bure halafu akagundua kuwa unga umetoka ghalani mwake. Kabla jua halijashuka walikuwa wamekubali kupeleka malalamiko ya kijiji, na mimi ndiye niliyeyaandika kwa niaba yao.

Mkubwa wangu aliyasoma, akavua miwani. "Nilikwambia usigombane."

"Sikugombana. Nimeuliza bei," nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Malalamiko yamekwenda juu, na hatujajibiwa.

Lakini Mzee Kiondo hakungoja jibu. Siku ya gulio lililofuata lori lake lilipanda na nauli, nauli ya haki, karibu sawa na ya Yusufu. Yusufu naye alipanda. Bure imekwisha, Mama, na aliyeimaliza ni binti yako.

Usidhani wamenishukuru. Niliposhuka kwenye basi Hedaru wiki hii, wanawake waliokuwa wakipanga kabichi walinipokea kwa maneno. "Huyo! Aliyetukatia bure yetu!" Mmoja aliniuliza kama mshahara wangu naupata kwa kuwatoza maskini. Shangazi, aliyekuwa ameshuka kuuza maharage, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Umenifanya nilipe nauli ya gunia zima," alifoka, huku akinimiminia chai bila kuniuliza kama nataka. "Na Kiondo ananinunia. Kunywa!"

Nikanywa. Zamani ningejieleza mpaka machozi yanitoke. Safari hii nilikaa kwenye lile gunia lake la maharage, nikamsikiliza akibishana na dereva wa Mzee Kiondo kuhusu nauli ya kurudi, akitaka apunguziwe. Dereva alikataa. Shangazi akageuka, akampungia Yusufu. Dereva akamwita arudi.

Lala salama, Mama. Woga ninao bado, ila sasa haunizuii kusema.

Binti yako wa mwisho,
Upendo