Miwani ya Msemaji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Huku nina afya, ila usingizi sipati, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa katika ofisi ya bwawa, nikakujibu juu juu. Ukweli ni kwamba waliniajiri kwa ajili ya miaka yangu ya jukwaani. Namfundisha msemaji wa ofisi kusema. Katika chumba cha mikutano nimebandika vipande vya utepe sakafuni, hapa asimame, pale asogee akiulizwa swali gumu. Anarudia sentensi moja mpaka ionekane imemtoka moyoni papo hapo. Mwanzoni nilifurahi, nikasema kumbe huku nako ni mchezo wa kuigiza, ila watazamaji hawajui kwamba wameingia ukumbini.

Sasa dada ananiambia umegoma kuhama. Majirani walipofunga mizigo kwa kuogopa maji yanayochuruzika ukutani mwa bwawa, uliwacheka, na wengine wakafungua mizigo kwa neno lako. Eti utaondoka siku msemaji atakaposema mhame, kwa kuwa yule ni mkweli, akifika penye jambo zito huvua miwani na kukutazama machoni.

Jana tulifanya mazoezi ya tangazo la kesho jioni kwenye runinga, la kuwaambia mtulie. Mhandisi alipangiwa kusimama nyuma ya msemaji. Alisoma karatasi, akavua kofia yake ngumu, akaiweka mezani, akasema hawezi kuyasimamia maneno yale wakati ufa unapanuka kila mvua inaponyesha. Akatoka. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini mkurugenzi alinigeukia akasema kofia ipo, nitafute kichwa tu.

Nikakitafuta, Mama. Nilimwogopa mkurugenzi. Huyo mhandisi mtakayeonyeshwa ni yule bwana aliyeigiza mlevi katika mchezo wetu, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kuhusu bwawa hajui lolote. Kazi yake ni kuitikia kwa kichwa.

Na ile miwani ni mafunzo yangu mimi. Msemaji macho yake ni mazima, vioo vile ni vya kawaida kama vya dirisha. Huivaa ili apate cha kuvua.

Kwa hiyo usingoje tangazo. Simu za hapa siziamini, ndiyo maana nimemtuma dereva wa kikundi chetu cha zamani cha maigizo, unamfahamu. Yuko nje na hatazima gari. Chukua dawa zako, wagongee milango wale waliofungua mizigo, mpande. Tangazo utalitazama kwa dada, na hapo unigombeze utakavyo.

Nisalimie wote watakaokubali kupanda.

Ni mimi kitindamimba wako, ambaye safari hii haigizi.