Mirija Kumi na Minne ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini, kituo cha kuzalisha kuku, baada ya siku tano za msiba wa Kaka. Kiti cha Kaka kimesogezwa ukutani, koti lake bado liko kwenye msumari. Sikuligusa.

Yeye ndiye alikuwa akikamua majogoo na kugandisha mbegu. Mimi, mdogo wake, kazi yangu ni mtungi wa naitrojeni, ile gesi ya maji inayozihifadhi mbegu kwenye baridi kali. Kila asubuhi natumbukiza kijiti, nakitoa, naangalia ukungu mweupe umepanda mpaka wapi, naandika kimo daftarini. Kazi ya mtoto wa shule!

Leo kijiti kimetoka kikavu, bila ukungu wowote.

Mtungi wenyewe mkweche, hauendi siku tatu bila kuongezwa. Nilijua. Msibani sikukumbuka hata kumwagiza mtu. Ndani mna mirija kumi na minne, mbegu ya mwisho ya majogoo wa Mama. Majogoo wenyewe walifagiwa na ugonjwa wa kideri mwaka jana, hakubaki hata mmoja. Kaka alimwahidi Mama: jogoo wako atarudi, yuko kwenye baridi tu.

Nimejaza mtungi kimyakimya. Kisha nikajaza daftari vimo vya siku tano zile, kana kwamba nilipita kila alfajiri kupima na kuongeza: 18, 17, 17, 16, 16. 

Jumatano, 5 Machi

Mrija ukiyeyuka ukaganda tena haubadiliki sura. Nimeinua mmoja kwa koleo, nikautazama. Maandishi ya Kaka, herufi zake zimelala kama zimechoka. Huwezi kujua kilichomo ni kizima au ni maiti.

Saa nne nimepita bandani. Mitetea wote tisa wamechuchumaa, mikia juu, wameelekea mlangoni. Ndivyo walivyokuwa wakimpokea Kaka siku za kuhimilisha, za kuwatia mbegu, akipiga mluzi wake. Leo hakuna aliyepiga mluzi. Mlishaji kacheka, kasema kuku ni mazoea tu, nisijitie wazimu.

Haya. Lakini na mimi nilisikia buti za Kaka.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari, mkuu wetu, kaamua tusingoje. Mitetea wanazeeka, mbegu ipo, tumalize kazi ya marehemu. Kaniambia niyeyushe mrija mmoja, nipime kwanza.

Nimeinamia hadubini. Kimya. Hakuna kinachokwenda. Kisha pembeni kitu kikatikisika — au ni pumzi yangu, au jicho limenidanganya. Nyuma ya shingo nikahisi mtu kainama nami, kama Kaka alivyozoea, ananukia sabuni ile ile ya mkono. Sikugeuka. Naogopa kugeuka siku hizi.

Daktari akauliza toka mlangoni: "Vipi, zinaogelea?"

"Zinaogelea."

Ee Mungu wangu. Neno limetoka lenyewe! Tumehimilisha mitetea wote tisa. Mirija kumi na mitatu iliyobaki imekwisha leo leo.

Jumatatu, 24 Machi

Mayai thelathini na moja yameingia kwenye mashine ya kutotolesha. Mama kapiga simu, mara ya tatu wiki hii. Keshamjengea jogoo kibanda, kapaka chokaa. Anataka kuja siku ya kumulika mayai, kuona kama yana vifaranga. Nikamwambia njia ni ndefu, miguu yake je? Akasema miguu imemzika mwanawe, haitashindwa kwenda kumwona jogoo.

Sikula leo.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika haya hapa hapa chumba cha mtungi, mlango nimeurudisha. Lazima niandike, la sivyo nitapiga kelele.

Mama kafika asubuhi. Tukazima taa. Mimi nashika yai juu ya tochi, Daktari anahesabu, Mama kiti cha mbele. Yai la kwanza jeupe. La pili jeupe. Kila yai Mama ananyoosha shingo atafute mishipa. Kufika la ishirini akaacha kunyoosha. Thelathini na moja, yote matupu.

Daktari akataka daftari la mtungi. Nikampa. Kalipitisha kidole, ukurasa kwa ukurasa, karidhika. Gesi haikupungua, kasema. Na mbegu tulizipima, zilikuwa zinaogelea. Basi huenda kosa ni la mgandishaji: dawa ya kuzikinga na baridi aliipima vibaya. Akasema kwa upole, akimtazama Mama, kwamba kuteleza ni jambo la kila mtu. Akaenda ofisini kwake kuandika ripoti.

Mama akanigeukia. "Kaka yako alikosea?"

Kaka, ambaye alipima dawa mara tatu tatu mpaka tukamwita Mfamasia!  Nikasema, "Sijui, Mama."

Akanifuta machozi. Akaniambia nisilie. Alidhani namlilia Kaka. Akasema marehemu hana mdomo, lakini mama yake anao, hawezi kuacha deni la mwanawe lilale kwenye ofisi ya watu. Atakwenda mwenyewe kwa Daktari kumwombea radhi.

Nikamshika mkono. Nilimshika kabisa! Akautoa taratibu, akajifunga mtandio vizuri.

Sasa namsikia koridoni, anavuta mguu. Kasimama. Anakohoa, anatengeneza sauti.

"Hodi humu."

Daktari anamkaribisha. Kiti kinavutwa.