Maji Chini ya Mashine ya Edina

Jumatatu, 1 Septemba

Chai saa moja, bila sukari. Kuku nimewapa pumba. Nimefagia uwanja mpaka getini. Nilipoingia jikoni, mashine ya kuosha vyombo ilikuwa inapiga kelele. Taa yenye picha ya bomba inawaka nyekundu, ndani inanguruma tu bila kuosha. Nikaichomoa kwenye umeme.

Edina, mke wa mwanangu Masalu, kaikuta hivyo aliporudi kazini. Hakuniuliza. Kamngoja Masalu aingie, akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya huruma, "Mama kasahau tena. Atakuwa kabonyezabonyeza." Mashine yenyewe siigusi, alishanikataza tangu Pasaka.

Hilo "tena" limenichoma. Mwezi uliopita maharage yaliniungulia jikoni. Mara moja. Basi, nimeshakuwa sina akili.

Jumatano, 3 Septemba

Masalu kaniita barazani kabla ya kwenda kazini. Anazunguka kama mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi. Eti nipumzike. Niende Sengerema kwa mdogo wangu Kabula, kule kuna watu mchana kutwa. Hapa Pasiansi nabaki peke yangu na gesi na umeme, na kumbukumbu ndiyo hivyo tena. Atanipeleka mwenyewe kabla mwezi haujaisha.

Nyumba yangu ya kupanga Butimba niliiacha kwa sababu alinibembeleza yeye nije kwake.

Miaka thelathini na moja nimefundisha fizikia. Leo siaminiki na swichi. Edina ananifukuza kwa kisingizio cha mashine. Simsamehe. Nitajua ina nini, kisha nitamuumbua mbele ya watu wake.

Alhamisi, 4 Septemba

Wameondoka saa mbili. Saa mbili na robo nimeshapiga magoti jikoni.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa droo ya vijiko, hata mfuko wake haujafunguliwa. Ile taa maana yake kuna maji kwenye sinia la chini. Mle ndani kuna kiboya. Maji yakiingia kinaelea, kinagusa swichi, mashine inagoma. Kitu kizuri kweli, ningekuwa nacho darasani.

Nikafunga bomba. Nikaiinamisha kidogo kidogo, nikaikingia ubao, mataulo chini. Yakatoka maji kama jagi moja. Yana povu. Mpira wa maji mzima, mpira wa mlango mzima. Sasa povu la nini? Vidonge vyake vya kuoshea havitoi povu.

Mgongo unaniuma vibaya. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempata.

Boksi la vidonge tupu, limesimamishwa kabatini kama limejaa. Nyuma yake dumu la sabuni ya maji, ile ya mchaichai wanayotengeneza kina mama wa jumuiya. Nikanusa pale mlangoni panapowekwa kidonge. Mchaichai mtupu. Vidonge vimemwishia, kamimina sabuni ya kuoshea masufuria, povu limefurika mpaka chini. Halafu nimesahau mimi!

Ningeweza kumwambia Masalu leo hii. Simwambii. Jumapili mama yake Edina anakuja kula. Jioni Edina kanipa shikamoo, nimemwitikia marahaba tamu kama asali.

Jumapili, 7 Septemba

Sato wa kuchemsha, ugali, mchicha. Nilimwacha mgeni ale ashibe kwanza.

Kisha nikawaomba wote jikoni, nikawaeleza nilivyoiinamisha mashine nikatoa maji. Nikawasha mashine bila sabuni. Ikazunguka vizuri, ikamaliza, kimya. Nikachukua dumu mbele yao, nikajaza pale pa kidonge, nikawasha tena. Povu likaanza kuchungulia chini ya mlango. Kelele. Taa nyekundu.

Nikamuuliza Edina polepole, "Ni mimi niliyesahau?"

Kainamisha kichwa. Mama yake kamwambia maneno ya Kihaya. Sikuyaelewa na sikuhitaji. Edina kalia machozi, kakimbilia chumbani. Nimefurahi. Naandika bila aibu, nimefurahi sana.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilijua Masalu ataniomba radhi. Kaja na kikombe cha chai, hanitazami.

"Mama, ya mashine umeshinda. Lakini safari iko palepale. Mdogo wake Edina anahamia chumba chako, tulishamwahidi tangu mwezi wa sita."

Mwezi wa sita. Maharage yaliungua mwezi wa nane.

Kumbe hata yeye. Mwanangu wa kumzaa. Wiki nzima nimepigana na mtu mmoja, na walikuwa wawili. Nimefunga sanduku mwenyewe. Sikutaka anisaidie.

Jumapili, 21 Septemba

Sengerema. Kabula kanipa chumba cha mbele, kina upepo. Nimesali misa ya kwanza. Tumechambua choroko pamoja.

Masalu kapiga simu saa kumi. Salamu ndefu, za afya, za Kabula, za mvua. Kisha kasema ile taa haijazimika tangu siku ile. Wameweka vidonge, bado inagoma. Fundi kaja mara mbili, haelewi. Kwa nyuma nilimsikia Edina akimnong'oneza aniulize niliiinamisha upande gani.

"Mama, siku ile ulifanyaje?"

Nilikuwa nakumbuka kila kitu. Bomba, ubao, mataulo, kiboya na swichi yake.

"Nimesahau, mwanangu," nikamwambia.

Nikamsubiri mpaka alipokata simu mwenyewe, nikarudi kwenye choroko.